Njia ya Namichenga

…maana njia ya malori ni nyepesi, hilo hakuna wa kubisha, inapanda taratibu kama inakuomba radhi, mtu anaweza kufika juu Rondo bila kushuka kwenye baiskeli hata mara moja, lakini vumbi lake, na malori ya magogo yanayoteremka yameinamia upande mmoja, na hakuna dereva asiyemjua mke wa Fidelis, atapunguza mwendo, atatoa kichwa dirishani, mama nesi, kwema huko, nani mgonjwa, naye ajibu nini, hakuna mgonjwa, naendesha tu, na kabla ya saa nne Mtama nzima itakuwa imeshapata habari kwamba mke wa Fidelis ameonekana anapanda mlima peke yake, suruali chini ya kanga, hana mzigo, hana mgonjwa, hana msiba… Benadetha alichuchumaa uani, tairi la nyuma kati ya magoti, akasukuma pampu, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, bado laini, akaendelea kusukuma. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya bondeni haijaondoka, harufu ya salfa inayopuliziwa mikorosho imetanda mpaka kwenye chai, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi alikuwa ameamua kujipa siku moja, siku nzima, yeye na baiskeli yake na vilima, asitumwe na mtu, asisubiriwe na mtu. Jana alipolitamka jambo hilo Fidelis alicheka. Milimani kufanya nini? Kuendesha. Kuendesha kwenda wapi? Kuendesha tu. Na kweli, utamwelezaje mtu kwamba mapaja yana kumbukumbu, kwamba miaka tisa ya kupanda Rondo kila Jumanne na kila Ijumaa, sanduku la chanjo limefungwa kwenye karia, imeacha kitu mwilini ambacho chapati haziwezi kukiondoa, maana sasa hiyo ndiyo kazi yake, chapati, pale yanaposimama mabasi ya Masasi, mikono iliyopokea watoto wa vijiji saba inageuza chapati, na wanunuzi bado wanamwita mama nesi, mama nesi naomba mbili, mama nesi hii imeungua.

“Sema basi unapita wapi,” sauti ya Fidelis ikatoka ndani, imechanganyika na redio, “ili mtu akiuliza niwe na la kusema.” Mtu akiuliza, nani amewahi kuuliza, alipokuwa anarudi Rondo saa mbili usiku na mvua yote ya mwezi wa tatu imemwishia mgongoni nani aliuliza umepita wapi… ipo njia ya mitiki, ile ya shamba la miti la serikali, kivuli tupu, hakuna nyumba hata moja, mitiki imepangwa kama mistari ya daftari, unaendesha saa mbili huoni sura ya mtu, miti kushoto, miti kulia, halafu geti, halafu unageuza unarudi ulikotoka, ni njia nzuri sana kwa mtu anayejificha, na ndiyo hiyo aliyokuwa ameichagua jana, alipolala alikuwa ameshaamua, mitiki, basi, sasa asubuhi hii mbona kila akisukuma pampu roho inakataa, siku moja tu aliyojipa tangu aache kazi, na aende kuitumia anatazama magome ya miti ya serikali, hapandi pa kupanda wala hateremki pa kuteremka, kama anatumikia kifungo… “Umesikia?” Fidelis alisema. “Nimesikia,” akasema Benadetha, “nafikiri,” na ndani Fidelis akacheka tena, kicheko kifupi, kana kwamba mwanamke kufikiri njia ya kupita ni kituko cha kusimulia kijiweni.

Njia ya tatu alikuwa haihesabu. Alikuwa amejizoeza kutoihesabu, kama mtu anavyojizoeza kulala upande mmoja baada ya mfupa kuvunjika, lakini miguu iliihesabu, miguu haikuwahi kuulizwa. Njia ya Namichenga inaanza ukishavuka kijito, mawe na mizizi, kona tatu kali, lazima uchague gia kabla mlima haujaanza maana ukishaanza umechelewa, mzungu wa mradi wa visima ndiye aliyemfundisha hivyo, yule aliyemwachia baiskeli hii alipoondoka, gia kumi na nane na tairi zenye meno, wakati Mtama nzima bado wanaendesha Foniksi zao nyeusi, watu walikuja kuishikashika kama ndama, hii ya mlima hii, inapanda yenyewe… haikupanda yenyewe. Ilipandishwa na yeye. Ukimaliza kona ya tatu njia inakutoa ghafla kwenye mgongo wa kilima, huku bonde lote la Lukuledi, huku msitu wa mivule, na siku kukiwa hakuna ukungu unaona mstari unaong’aa upande wa mashariki, wengine husema ni bahari ya Lindi, wengine husema ni macho tu ya mtu aliyechoka, yeye siku zote aliamini ni bahari. Na kuteremka kwake… vidole viwili kwenye breki, makalio nyuma kabisa, udongo mwekundu unarukaruka, upepo unaingia mpaka kwenye meno, mwanamke mzima wa miaka karibu arobaini, mke wa mtu, mtumishi wa serikali, aliteremka kule akicheka peke yake na sanduku tupu la chanjo linagonga nyuma. Rondo nzima hakuna njia inayoifikia hii. Na kwenye kona ya tatu kuna nyumba ya Debora.

“Pita ya malori,” Fidelis alikuwa anasema ndani, akakohoa, “jioni nitakuwa hukohuko juu kwenye magogo, nitawaambia wakupakie urudi na baiskeli yako… maana ile ya Namichenga mvua imeikata, haipitiki.” Haipitiki. Amejuaje haipitiki. Hakuna gogo Namichenga, hakuna lori linaloweza kuipinda kona hata ya kwanza, mtu anayejua hali ya njia ile ni mtu anayeipita kwa miguu yake, na amelisema wazi, saa moja asubuhi, bila hata kupunguza redio, hivyo ndivyo walivyofika, yeye na Fidelis, mambo makubwa yanapita katikati yao yakiwa yamevaa nguo za mambo madogo… Benadetha alichomoa mpira wa pampu, akatema mate kwenye kidole, akapaka juu ya vali kuona kama inavuja, povu dogo likatokea, likapasuka. Akaurudisha mpira.

Ilikuwa mwezi wa tatu, miaka miwili iliyopita na zaidi. Msichana wa kama miaka ishirini na mbili, uzazi wa kwanza, ameng’ang’ania nguzo ya kitanda, anaita mama yake aliyekwisha kufa, mvua inapiga bati mpaka mtu humsikii anachosema, na Benadetha anamwambia polepole, pumua, usisukume bado, binti yangu, bado, alimwita binti yangu, alimfuta jasho kwa kanga yake mwenyewe, mtoto akatoka wa kiume, mnene, analia kabla hajaisha kutoka, akamkata kitovu, akamfunika, akaketi na kadi juu ya goti kama utaratibu unavyotaka. Jina la mama, Debora. Jina la baba? “Fidelis.” Fidelis nani, aliuliza, bado hana habari, akina Fidelis ni wengi. “Fidelis wa magogo, wa kule Mtama. Ana mke, lakini hawaelewani.” Hivyo ndivyo Benadetha alivyopata habari kwamba yeye na mumewe hawaelewani. Maana kule juu hakuwa mke wa mtu, alikuwa mama nesi tu, msichana wa watu hakujua anaongea na nani, alikuwa anatabasamu, amechoka, ana furaha ya kijinga ya mtu aliyepona, na mkono wa Benadetha ukaandika, herufi nzuri, zilizonyooka, jina la baba, Fidelis. Halafu Debora akasema, “Mama nesi, umenisaidia kama mama yangu. Mpe jina wewe.” Ndipo hapo. Mpe jina wewe. Mzee Valentini, baba yake Fidelis, alifariki mwaka uleule walipooana, na jina lake likawekwa akiba kwa mtoto wa kiume, wakaja mabinti wawili, kisha hakuja mtu tena, miaka kumi na minane jina limekaa kwenye nyumba yao halina wa kulivaa, na Benadetha akalitoa akampa mtoto wa kona ya tatu. Valentini, alisema. Jina zuri, alisema Debora. Ni la mtu mwema, alisema Benadetha, akafunga sanduku, akateremka kilima kile kwenye mvua, na hata siku ile, Mungu anisamehe, alijisemea, hata siku ile ule mteremko ulikuwa mtamu.

Na Fidelis akaelewa. Angekosaje kuelewa, amekwenda kumtazama mwanawe akaambiwa nesi wa baiskeli kampa jina, Valentini. Alirudi Jumapili, akatoa kwenye mfuko tandiko jipya la baiskeli, pana, la springi, amelifuata Lindi mjini, akalifunga mwenyewe kwa spana hapahapa uani, jasho linamtoka, akasema, lile la zamani lilikuwa linakuumiza. “Asante,” alisema Benadetha. Na hayo ndiyo mazungumzo yao yote kuhusu jambo hilo mpaka leo, lile la zamani lilikuwa linakuumiza, asante, watu wanaachana kwa makelele, wanapigana, wanaitisha wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, wao walimaliza kwa maneno hayo tu na springi mbili… akasukuma pampu kwa nguvu, mkono ukauma, akaendelea. Kwa hiyo walimwibia njia. Hivyo ndivyo alivyolipanga kichwani miaka yote miwili. Fidelis na yule binti walimwibia njia nzuri kuliko zote Rondo, na serikali ikaja ikammalizia kwa kumwibia kazi, mwaka ule wa kupunguza watu, waraka ukabandikwa ukutani, nchi inabadilika, kila kitu ruksa, maduka yamejaa sabuni na redio na mitumba ya Ulaya na wauguzi wamezidi, hivyo ndivyo watu wanavyolisimulia na hivyo ndivyo anavyowaacha walisimulie, masikini mama nesi, miaka tisa, wamempunguza kama mtu anayepunguza matawi.

Ila waraka haukusema hivyo. Alijua ulivyosema, aliusoma mara tatu akiwa amesimama, ulisema watakaopenda kuondoka kwa hiari yao waandike majina. Kwa hiari. Kulikuwa na karatasi na kalamu imefungwa kwa uzi. Na ilikuwa Jumatatu, na kesho yake ilikuwa Jumanne, kliniki ya Namichenga, angepanda tena, angemtundika tena Valentini kwenye mizani, kama mwezi uliopita, na mwezi ule mwingine, na ule mwingine, mtoto ananing’inia anarusha miguu, anamcheka, ana masikio ya babu yake, na mama yake anauliza ameongezeka mama nesi, ameongezeka, ameongezeka vizuri… akashika ile kalamu akaandika jina lake, la kwanza kabisa kwenye karatasi, na mganga mkuu wake akamwuliza una uhakika, wewe hata hukuwa kwenye orodha yangu, akasema nimechoka na baiskeli. Nimechoka na baiskeli. Uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema katika nchi hii, na ukaaminiwa papo hapo.

“…na uchukue ile chupa ya maji,” Fidelis alisema, “usije ukaanguka huko ikawa kazi ya kukutafuta.” Chupa, ndiyo, chupa. Lakini haikuwa Debora. Pampu ikasimama. Ikasimama katikati, mkono juu, kwa sababu wazo lilikuwa limeshaingia na halikubisha hodi, haikuwa Debora, miaka miwili anakwepa nyumba ya kona ya tatu na kujiambia ni kwa sababu ya Debora na mtoto na masikio, na ni kweli ilianza hivyo, miezi ya kwanza, lakini hasira ile ilikwisha siku nyingi, ilikwisha kama mafuta kwenye taa, polepole, hata asijue ilizima lini, leo angemkuta yule binti njiani angemsalimu tu. Ni Apolonia. Apolonia wa mwisho wa mgongo wa kilima, Chitunda, mimba ya nne, miezi saba, Ijumaa ile ya mwisho alilala kwenye jamvi Benadetha akampapasa tumbo, akakuta kichwa kiko juu, mtoto amekaa wima kama mtu kwenye kiti, na Apolonia akamwona usoni akauliza, “Kakaa vibaya, mama nesi?” Ni mapema, alimwambia, anaweza kugeuka, nitakuja kila Ijumaa nimwangalie, asipogeuka tutakuteremsha hospitali mapema, kabla ya uchungu, usiogope. “Utakuja kweli?” Nitakuja. Alilisema Ijumaa. Jumatatu akaandika jina. Alijua. Hapo, pale penye kalamu na uzi, alikuwa analijua lile tumbo, mikono yake ilikuwa bado inalijua, na akajiambia wataleta nesi mwingine, lazima wataleta, na hawakuleta, nafasi ilifutwa hapohapo, na yeye alisubiri nini, alikuwa na baiskeli, baiskeli ilikuwa yake si ya serikali, nani alimkataza kupanda Ijumaa ile, na ile iliyofuata, bila sare, bila kadi, apapase tu aseme shuka…

Mwezi wa tisa abiria wa basi la Masasi, mama mmoja asiyemjua, alisimulia huku anasubiri chenji ya chapati, yule mwanamke wa Chitunda aliyeteremshwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne, miguu ya mtoto imetangulia, walivuka mgongo wote wa kilima, na kwenye kona akasema nishusheni nimechoka, na binti mmoja anayekaa pale akatoka akatandika mkeka wake, akamshika kichwa, akakaa naye mpaka ikawa basi. Binti anayekaa pale kwenye kona. Debora alimshika kichwa. Debora, ambaye hajui kupima tumbo, ambaye hakuahidi kitu, alitoa mkeka wake ukaharibika. Na chapati iliyokuwa jikoni ikaungua, alikumbuka, aliitupa. Halafu, na hili ndilo ambalo hajamwambia hata padri, mwezi mmoja baadaye mama yake Apolonia alikuja pale stendi, bibi Skolastika, amevaa kaniki, ana mbaazi kidogo kichwani za kuuza, Benadetha akataka kujificha nyuma ya jiko, akashindwa. Shikamoo mama. “Marahaba, mwanangu.” Yule bibi akamshika mikono yote miwili, ile yenye unga, akasema, “Pole. Nimesikia wamekupunguza. Ungekuwepo wewe mwanangu asingekufa, nawaambia watu wote hivyo, angekuwepo nesi wetu.” Na Benadetha akasema nini? Alisema asante mama. Akapokea pole. Mfiwa alimpa yeye pole, naye akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, na tangu siku ile anaishi nayo.

“Benadetha! Basi, ni ile ya malori, tumekubaliana?”

“Napita Namichenga,” alisema.

Aliisikia sauti yake imetoka ya kawaida kabisa, kama anasema chumvi imekwisha. Ndani redio ikapunguzwa. Miaka miwili alikuwa analiogopa neno hilo, alifikiri siku litakapotamkwa katika nyumba hii ukuta utapasuka, na sasa limeshatoka, kuku bado anaparua pale penye majivu, halafu Fidelis kwa sauti nyembamba, ya mtu anayekanyaga gizani, “Kuna nini Namichenga?”

“Napita tu. Nakwenda Chitunda, kwa mama yake Apolonia.”

“Apolonia yupi?” Na hapo alilisikia, mtu uliyekaa naye miaka ishirini ndani ya nyumba moja hakupotei, alisikia pumzi yake inashuka, amepona, si yeye anayefuatwa, redio ikapandishwa tena, akasema kitu kuhusu mawe na breki, kwa furaha kabisa, mwanamume amesamehewa hata kabla hajaomba msamaha… Apolonia yupi. Akangoja uchungu uje, ule wa siku zote, haukuja. Mtu huyu hayumo. Kwa miaka yote hii amemweka Fidelis katikati ya jambo hili kama nguzo ya nyumba, na kumbe hayumo, angeweza kumtoa na jambo likabaki limesimama palepale, jina lililoandikwa kwanza kwenye karatasi si la Fidelis.

Akasukuma pampu tena, tairi likaanza kukaza. Atapita kona ya kwanza na ya pili, pale mvua ilipokata atashuka abebe baiskeli begani, ameshawahi. Kwenye kona ya tatu atapiga hodi, hilo halina budi, amwombe Debora maji ya kunywa, na amwulize alichosema Apolonia mwishoni, kama alisema kitu, kama alimtaja mtu, na kama alimtaja nesi basi aambiwe, asifichwe. Halafu mgongo wa kilima, na asitazame mashariki leo, leo si ya bahari. Halafu Chitunda. Bibi atafurahi, hilo ndilo gumu, atatoka na kigoda, atasema karibu mwanangu, atataka kuchemsha mihogo, na lazima alizuie kabla mihogo haijatiwa motoni, asile chakula cha yule mama kwanza, asimame uani, aseme, hawakunipunguza, mama. Nilijiandikisha mwenyewe. Nilijua mtoto amekaa vibaya, nilimwahidi Apolonia, na nikajiandikisha. Na bibi akiuliza kwa nini, maana atauliza, asimtaje Debora, asimtaje Fidelis, wala mizani, wala masikio ya mtoto, hizo zote ni sababu na hakuna hata moja inayotosha kuvuka ule ua… aseme sikutaka kupanda. Hivyo tu. Sikutaka kupanda, mama. Na akifukuzwa, afukuzwe akiwa amesimama, asikimbilie kupanda baiskeli, aisukume kwa mkono taratibu mpaka nje ya boma, ili yule bibi, kama bado ana neno la kumtupia, apate muda wa kulitupa.